Vidole Chini ya Rangi

Eunike aliileta baiskeli ile akiikokota. Hakuipanda, ingawa matairi yalikuwa na upepo wa kutosha na njia yote kutoka kwake hadi karakana ya Bernadina ni mteremko. Bernadina aliliona hilo kabla hata hajaitazama baiskeli yenyewe, maana mtu aliyetengeneza baiskeli kwa miaka thelathini kandokando ya barabara ya Mang'ola, pale Karatu, huwatazama wateja miguu kabla ya uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imevunjika nini?"

"Haijavunjika kitu. Nataka uniambie mambo mawili tu: nani aliitengeneza, na mwaka gani."

Bernadina akafuta mikono kwenye khanga iliyochakaa aliyojifunga kiunoni, akaizunguka. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, hendeli zimejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi membamba kuliko kidole chake gumba. Mtu alikuwa ameipaka kijani, ile rangi ya mafuta inayopakwa kwenye mageti, tena kwa haraka, hadi michirizi imekaukia kwenye spoki na manyoya ya brashi yamenata kwenye mabomba. Jina halikuonekana wala nembo. Akaingiza vidole viwili chini ya bomba la juu akainyanyua, na baiskeli ikaja juu kama kikapu kitupu.

"Hii si ya Kihindi wala ya Kichina," akasema. "Umeipata wapi?"

Eunike alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, kazi yake kuwaongoza watalii, leo kwa gari, kesho kwa baiskeli vijijini. Alisema aliinunua mnadani mwezi uliopita kwa kijana wa kambi ya mashamba ya kahawa upande wa Oldeani, ikiwa imefungwa kwenye gunia. Mgeni wake mmoja, mzee wa Kiitaliano, aliiona imeegemezwa ukutani, akavipapasa viungo vya mabomba, kisha akamwambia aitafutie fundi mwenye subira aikwangue taratibu, kwa sababu chini ya uchafu ule lazima kuna jina la mtu.

"Basi iache. Nipe wiki moja."

Eunike hakuondoka. Alisimama akichezea funguo za gari.

"Mama, ukitaka kuijaribu, ijaribu hapahapa mjini. Usiielekeze mlimani."

"Kwa nini?"

"Utanicheka."

"Nitacheka nikishasikia. Sema."

Ndipo akasimulia. Siku ya kwanza aliiendesha hadi geti la Lodoare, pale unapoingilia Ngorongoro. Njia ile inapanda, nayo humtoa jasho kijana mwenye mapafu ya punda. Yeye hakutoka jasho. Alisukumwa. Alihisi mkono chini ya siti, umetulia pale kama mkono wa baba anayemfundisha mtoto kuendesha, ukimpandisha mlima wote. Mwanzoni alifurahi. Alipofika getini akakamata breki zote mbili, na baiskeli haikusimama. Iliburuza matairi kwenye kokoto mpaka gurudumu la mbele likagonga kizuizi, likabaki limekiegemea, likisukuma. Askari wa zamu walicheka. Kurudi chini, mteremko wote alilazimika kukanyaga pedali kwa nguvu, kana kwamba amebeba gunia la mahindi.

"Nimeenda mara tatu," Eunike akasema. "Mara ya tatu nilisikia mtu akihema nyuma yangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu."

Bernadina hakucheka.

Kuitambua baiskeli iliyopakwa rangi upya ni kama kumtambua mtu aliyebadili jina: nguo zinaweza kudanganya, mifupa haiwezi. Bernadina alianza na mifupa. Alichomoa siti akapima unene wa bomba. Alipima nafasi ya gurudumu la nyuma akaona ilitengenezwa kuingiza gia tano tu, wala si sita. Nyaya za breki zilishikwa kwa vibangili vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu, kwa kuwa huyo aliyeunda fremu hakutaka kuchomelea kitu juu ya mabomba yake mepesi. Kwa hiyo ilikuwa baiskeli ya zamani, ya kabla ya miaka ya themanini. Viungo vya mabomba vilichongwa kwa tupa, na katika kila kimoja kulikuwa na tundu dogo lenye umbo la mbayuwayu. Hiyo haikuwa kazi ya kiwanda. Palikuwa na mtu mmoja aliyeketi mahali fulani na tupa mkononi.

Jioni aliitundika kwenye kulabu mbili za darini, gurudumu la mbele likiangalia mlangoni, upande wa Arusha. Akafunga kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Asubuhi alipofungua aliikuta imetundikwa kwenye kulabu zilezile, lakini inaangalia upande wa pili, kwenye ukuta wa magharibi, upande wa Ngorongoro. Bernadina akasimama kizingitini. Akajiambia amesahau, uzee umeanza. Akaigeuza. Kesho yake aliikuta tena inaangalia ukuta, na safari hii gurudumu la mbele lilikuwa likizunguka, polepole, bila kelele, kama la baiskeli iliyoshushwa barabarani dakika hiyohiyo. Alilishika likasimama. Kisha akajitafutia kazi.

Alipaka dawa ya kutoa rangi kwenye bomba la siti, akangoja rangi ivimbe, akaanza kuikwangua kwa wembe. Kijani kikatoka. Chini yake kulikuwa na bluu, na katika bluu ile kulikuwa na mashimo manne yaliyolizunguka bomba, chini kidogo ya siti. Yalikuwa laini, yenye kingo za mviringo. Mtu alikuwa amelishika bomba rangi ikiwa mbichi. Bernadina akalichukua lile ganda la kijani alilolibandua, akaligeuza, akaliangalia kwa nje. Mashimo manne yalikuwepo hata hapo, mahali palepale.

Akaweka vidole vyake mwenyewe juu ya zile alama. Cha shahada kilikaa. Cha kati kilikaa. Kidogo kilikaa. Cha pete kilipita, kwa sababu alama yake ilikatikia kwenye kiungo cha kwanza. Aliyeishika alikuwa na nusu kidole.

Halafu akagundua jambo jingine, akauondoa mkono haraka. Chuma chote kilikuwa na baridi ya asubuhi, isipokuwa pale. Pale palikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Alimpigia Eunike simu. "Njoo na gari," akamwambia. "Tunakwenda Oldeani kumtafuta aliyekuuzia."

Kijana wa mnadani waliambiwa amerudi Singida kulima, lakini baba yake alikuwepo kambini. Jina lake Hamisi Njiku, mzee wa miaka sabini na kitu, kofia nyeupe kichwani, miguu imepinda kwa kazi. Alikuja kuchuma kahawa mwaka sabini na nane akiwa kijana, akasema atakaa msimu mmoja, na akabaki. Walipotaja baiskeli alitazama barabarani kuona kama wamekuja nayo. Alipoona hawakuja nayo, akawakaribisha kwenye benchi.

"Kijani ni ya mwanangu," akasema. "Bluu ni yangu. Tulidhani ukiibadilisha rangi itasahau njia."

"Na nyeusi?" Bernadina akauliza. "Nimeiona chini ya bluu, pale ilipochubuka."

Njiku akakuna kidevu. "Nyeusi niliikuta. Ilikuwa mwaka sabini na tisa, mwaka wa vita na Amini, mafuta ya gari hayapatikani. Nilikuwa nimesimama njia panda ya Oldeani. Akaja kijana, Mmbulu, msalaba wa mbao shingoni, anaikokota. Akaniambia, 'Kaka, chukua.' Nikamwuliza kwa nini. Akasema, 'Chukua tu, lakini usiipandishe mlimani.' Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haimtoki. Rangi ilikuwa mbichi, mikono yake yote myeusi."

"Hukuona alama pale chini ya siti?"

"Niliiona palepale. Nikadhani ni mkono wake, si rangi ilikuwa mbichi? Nikamtazama mikono." Mzee akainua mikono yake mwenyewe, akaitandaza mbele yao. "Vidole vyake vilikuwa kumi kamili."

Eunike akashika mkono wa Bernadina bila kujua kwamba ameushika.

Njiku akaendelea kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. Alipopaka bluu, aliitundika barazani baada ya sala ya Ijumaa. Kulipokucha ile alama ilikuwepo. Mwanawe alipopaka kijani miaka michache iliyopita, ikawa vilevile. Kila aliyeipanda ilimpeleka geti la Lodoare, na kila mmoja geti lilimzuia. "Labda Mungu ndiye aliyeliweka lile geti," akasema. "Mimi sijui inataka kwenda wapi. Sikutaka kujua. Nilikuwa na watoto."

Bernadina alirudi karakana akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakwangua bluu yote. Akafika kwenye nyeusi, nayo alama ilikuwa ndani yake, ya kina kuliko zote. Akaikwangua nyeusi.

Chini yake kulikuwa na nyekundu. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, iliyopakwa kwa mashine na kwa upendo, na haikuwa na alama yoyote ya mkono. Kwenye bomba la chini palitokea herufi za dhahabu, moja moja, kadiri wembe ulivyosogea: G. ARDENZI. Akaipindua. Pale chini ambapo mikono ya pedali hukutana, akasugua kwa mswaki, na namba ikaonekana: 68041.

Lakini Bernadina alikuwa ameshajua kabla ya jina na namba. Alikuwa na umri wa miaka sita aliposimama na baba yake kandokando ya barabara kuona mashindano ya sikukuu ya parokia. Vijana kumi na wawili walikuwa wakienda kupanda mlima hadi ukingoni mwa kreta na kurudi. Kumi na mmoja walipanda baiskeli nyeusi nzito za kubebea mizigo. Mmoja alipanda nyekundu, aliyopewa na padre wa Kiitaliano aliyekuja nayo kutoka kwao. Kijana huyo alikuwa Piusi wa Buger, na alipopita hakuonekana kukanyaga ardhi. Kidole chake cha pete kilikatwa na mkanda wa mashine ya kusaga ya misheni.

Piusi aliingia kwenye ukungu wa juu akiwa wa kwanza, na hakutoka. Watu walitafuta wiki nzima msituni. Hawakumpata mtu wala baiskeli. Wengine walisema nyati, wengine chui, lakini chui ataifanyia nini baiskeli? Akina mama wa Karatu wakaanza kuwaambia watoto kwamba msitu ule una mlango. Aliyekuwa akimfuata kwa karibu siku hiyo alikuwa mdogo wake, Emmanueli, naye aliapa mbele ya padre kwamba hakuona kitu barabarani.

Jibu la yule mgeni wa Kiitaliano lilifika kwenye simu ya Eunike siku mbili baadaye. Ardenzi, aliandika, alikuwa fundi wa kijiji, mtu wa peke yake, na baiskeli zake zote hazikufika mia tatu. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka. Hii ilikuwa ya arobaini na moja kwa mwaka 1968. Binti wa fundi yule bado yuko hai, na anaikumbuka, kwa sababu baba yake aliitengeneza kwa ajili ya mdogo wake mwenyewe aliyekuwa akienda kuwa padre Afrika.

"Basi umepata ulichotaka," Bernadina akasema. "Mtengenezaji na mwaka."

"Mama," Eunike akasema, "usinifanye mtoto. Habari ya Piusi na mdogo wake umeshanisimulia. Twende kwa huyo Emmanueli."

Emmanueli alikuwa katekista mstaafu, mtu wa miaka sitini na mitano, mwenye shamba la mahindi na mbaazi huko Buger. Robo tatu ya watu wazima wa kijiji kile alikuwa amewafundisha sala. Walimkuta akipalilia. Aliiona baiskeli juu ya gari, nyekundu yake imewiva kwenye jua la saa nne, akalaza jembe chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Bernadina akamsalimu kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu, akajitaja yeye ni binti wa nani. Mzee hakuitikia salamu.

"Nilidhani itakuja usiku," akasema. "Miaka arobaini na sita naacha taa ikiwaka. Kumbe imekuja mchana."

Waliketi kwenye majani pembeni ya shamba, naye akasema yote, macho yakiwa kwenye mikono yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amechoka kuwa mdogo wa Piusi. Siku ya mashindano alikanyaga mpaka akatokwa na damu puani, na bado hakumwona kaka yake ila mgongo, kisha hata mgongo ukamezwa na ukungu. Juu ya geti, kwenye kona moja yenye mtini mkubwa, aliikuta baiskeli nyekundu imelala kwenye ukingo wa barabara. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Akasikia Piusi anaita kutoka chini korongoni. Aliita jina lake. Alisema mguu umevunjika, shuka unishike mkono. Na upande wa kushoto wa ile sauti, ndani ya ukungu, kulikuwa na nyati anayepumua.

"Niliogopa," Emmanueli akasema. "Hilo mtu angenisamehe. Nilichukua baiskeli yake kwa kuwa ina kasi, nishuke nikaite watu. Ya kwangu niliitupa korongoni, nikasema baadaye imeibiwa. Nilipishana na wenzetu ndani ya ukungu, sikuwaita, nao hawakunitambua. Nilipofika nyumba ya kwanza nikasema, nitawaambia nyumba ya pili. Nilipofika ya pili nikasema, ya tatu. Nilikuwa nimeipanda ile baiskeli, mnaelewa? Ilikuwa nyepesi. Maisha yangu yote sikuwahi kupanda kitu chepesi namna ile. Nikafika nyumbani na sijamwambia mtu. Na ukishakaa saa moja bila kusema, saa ya pili utasemaje?"

Emmanueli aling'oa unyasi, akauzungusha kidoleni.

"Walipoenda kutafuta niliwaelekeza mbali, ng'ambo ya kule. Siku ya tatu nikaipaka nyeusi. Mama alikufa akiamini msitu una mlango."

Akainuka, akakung'uta suruali. "Nipelekeni," akasema.

Ilibidi waombe kibali. Bosi wa Eunike alishughulikia karatasi, na uongozi wa hifadhi ukawapa askari wa kuwasindikiza, mwanamke mrefu kutoka Soitsambu aitwaye Kakenya, bunduki begani, asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya Jumamosi, saa tatu, walivuka geti la Lodoare. Baiskeli ilikuwa imefungwa juu ya gari kwa kamba nne. Gurudumu la mbele lilipopita chini ya kizuizi kilichoinuliwa, kamba zote nne zilikaza kwa pamoja, zikalia. Kakenya akatazama juu kwenye paa, kisha akamtazama Bernadina.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mizizi. Miti ilionekana mmojammoja, ndevu zake za kijivu zikidondosha maji, kisha ikafutika. Walipopanda kidogo, Emmanueli akaomba gari lisimame.

"Teremsheni."

"Mzee, hapa kuna nyati," Kakenya akasema. "Baiskeli hairuhusiwi."

"Binti yangu, nilimwacha akiwa mbele yangu kwenye mlima huu. Niache nimfuate."

Kakenya alifikiri. Akakoki bunduki. "Mita mia tano. Sisi nyuma yako."

Wakaiteremsha. Mzee wa miaka sitini na mitano, magoti mabovu, akapandisha mguu juu ya bomba jekundu. Hakukanyaga. Baiskeli iliondoka naye. Bernadina, aliyekuwa kiti cha mbele, aliona wazi: miguu ya mzee haikuzungusha pedali, pedali ndizo zilizoizungusha miguu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, shati limembonyea chini kiunoni, kama pamekandamizwa na kitu. Eunike akatia gia akamfuata. Mshale wa spidi ukafika thelathini, ukafika arobaini, kwenye mlima, na taa nyekundu ya nyuma waliyomfungia ikawa inazidi kuwa ndogo. Kisha ukungu ukafumba.

"Ongeza," Kakenya akasema.

"Siwezi kuongeza, sioni barabara!"

Waliikuta kwenye kona yenye mtini. Ilikuwa imesimama katikati ya barabara, wima, haijaegemea kitu, haina stendi, hakuna aliyeishika. Ilisimama tu. Eunike akafunga breki, akaziba mdomo. Bernadina alishuka kwa sababu kazi ya baiskeli ilikuwa yake, wala hakukuwa na mwingine wa kushuka. Alitembea hadi hapo akihesabu hatua. Alipoigusa hendeli kwa ncha ya kidole, ikalala chini kwa ubavu, kama mnyama aliyechoka.

Ndipo wakasikia sauti kutoka chini korongoni. Watu walikuwa wakizungumza kwa Kiiraqw, bila kupaza sauti, kama watu wanaopeana habari za nyumbani. Sauti moja ilikuwa ya mzee, imekwaruza. Nyingine ilikuwa ya kijana.

"Umechelewa," alisema kijana.

"Nimekuja," alisema mzee.

Bernadina alielewa kila neno, na akatamani asingekielewa Kiiraqw. Kakenya hakukielewa. Aliinamia ukingo wa barabara, bunduki mbele, akauliza kwa mnong'ono: "Wako wangapi huko chini?"

Wakashuka wakishikilia mizizi. Walimkuta Emmanueli peke yake, amepiga magoti chini ya jiwe lililotokeza, anachimbua majani yaliyooza kwa mikono mitupu. Hapakuwa na mtu mwingine wala unyayo wa mtu mwingine. Alikuwa ameshafukua soli mbili za viatu, shanga za rozari, na mifupa ya mguu iliyovunjika mahali pamoja. Kichwa kilikuwa ndani zaidi, chini ya jiwe, mahali ambapo mtu angejivuta kujikinga na mvua. Kakenya alivua kofia. Kwenye jiwe, kwa urefu wa mtu aliyekaa, kulikuwa na mikwaruzo iliyochanwa kwa kitu cha chuma, mistari mifupi iliyopangwa kama ya mtu anayehesabu siku. Eunike akaanza kuihesabu, akafika wa nne, akaacha.

Serikali ilichukua mifupa ikafanya yake, kisha ikairudisha kwenye sanduku. Piusi alizikwa Buger mwezi wa nane, na watu walijaa mpaka kwenye mashamba. Emmanueli alisimama kaburini akasema mbele ya wote yale aliyowaambia kina Bernadina kwenye majani. Hakujitetea. Mwanamke mmoja, aliyewahi kufundishwa naye amri kumi, alimtemea mate. Wengine walilia. Wazee walikaa siku mbili, kisha wakamwambia atoke kwenye nyumba yake, akae kibanda cha pembeni ya shamba mwaka mzima, asile chombo kimoja na mtu wala kushikana mkono na mtu, mpaka ardhi ipoe. Akakubali kabla hawajamaliza kusema.

Eunike alichukua baiskeli yake. Siku hizi huiendesha, na anasema mlima wa Lodoare sasa unamtoa jasho kama watu wengine. Bernadina alimwandikia kwenye karatasi jina la Ardenzi, mwaka 1968, namba arobaini na moja, akaweka sahihi.

Mwezi wa kumi na moja, Bernadina alikuwa na kazi ya mashine ya kusaga kule Buger. Akapitia kibandani. Emmanueli alikuwa amekaa mlangoni, amekonda. Bernadina alikuwa na maziwa kwenye chupa, na kwa kuwa haikuruhusiwa kumpa mkononi, aliyaweka juu ya jiwe lililokuwa katikati yao akarudi nyuma, naye mzee akaja akayachukua.

"Unalala?" akamwuliza.

"Nalala." Alikunywa kidogo. "Nikuambie kitu ambacho sikukisema kaburini. Miaka yote ile, kila ukungu uliposhuka, nilimsikia akiniita. Hata katikati ya mafundisho, watoto wanaimba Baba Yetu, mimi namsikia yeye. Nilidhani akinyamaza nitapumzika."

"Na amenyamaza?"

"Tangu siku ile. Hata neno." Akaishika chupa kwa mikono miwili. "Alikuwa kaka yangu, Bernadina. Ile ndiyo sauti yake iliyokuwa imebaki. Sasa hata hiyo sina."

Bernadina hakuondoka. Alitafuta gogo upande wake wa jiwe akakaa. Kutoka bondeni ukungu ulikuwa umeanza kupanda, ukiyafunika mahindi mstari kwa mstari. Mzee akainua uso, akageuza sikio kuelekea kule mlimani, akasubiri. Naye Bernadina, bila kukusudia, akajikuta amezuia pumzi, anasikiliza.